Walisema Nimeiba Tovuti ya Hoteli

Jumatatu nilifika kazini nikapata kiti changu kimetolewa nje, kwa korido.

Ndani, Mzee Wahome, mwenye ofisi, alikuwa amesimama. Gatimu, fundi wa tovuti aliyenitangulia hapo, alikuwa ameketi akikagua kucha zake.

"Kinya, hii kazi ya hoteli umeiba wapi?" Mzee akauliza.

Aki nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Hii ilikuwa Nyeri, mwaka wa tisini na tisa. Hoteli moja ya upande wa Kiganjo ilitaka tovuti, ili wageni wa kupanda mlima waweke nafasi wakiwa huko kwao. Gatimu aliomba miezi sita. Mzee akanipa mimi, niliyekuwa nimetoka Meru juzi tu. Nikamaliza kwa wiki moja.

Hapo ndipo balaa ilianza. Droo zikaanza kufungwa kwa kufuli. Nikienda choo, nikirudi napata mkoba wangu umehama. Jumamosi naelekea nyumbani Skuta, nageuka, namwona Gatimu nyuma yangu. Eti anatafuta sukuma wiki!

"Mzee, hiyo kazi haiwezi kuisha kwa wiki moja," Gatimu akasema. "Ati peke yake? Huyu ako na watu. Kesho watauza majina ya wageni."

Nilikasirika sana. Ukishaitwa mwizi kwa mji wa watu, nani mwingine atakuandika kazi?

"Sijaiba. Nilitumia fremu."

"Fremu gani?"

"Ya programu, Mzee. Gatimu anaandika kila kitu mwenyewe, kila ukurasa peke yake. Namba ya simu ikibadilika, anafungua kurasa zote. Fremu inakuja na kazi ngumu ikiwa tayari: kupokea fomu, kuweka majina, kumjua mgeni akirudi. Wewe unaongeza tu mambo ya hoteli yako."

"Na nani anaitengeneza?"

"Watu wengi, kila mahali. Wanapeana bure."

"Bure?" Mzee akakaza macho. Alikuwa amepokonywa shamba na matapeli wa ardhi waliomwahidi kumshughulikia hati bure, na neno hilo lilimtoa jasho. "Wanataka nini kwetu?"

"Ni ngwatio, Mzee. Leo tunalima kwako, kesho tunalima kwangu. Mwenye ameona kosa analirekebisha, na wote wanafaidika."

Akasogea karibu. "Na ulijuaje hii ndiyo nzuri?"

"Nilijaribu tatu. Moja ilitaka kompyuta kubwa yenye hatuna. Ya pili ilikuwa tamu, lakini ukiuliza swali kwa imeili, kimya. Hii niliuliza asubuhi, mchana nikajibiwa. Na maelezo yake yote yako kwa diski ya sidi. Hata mvua ikikata simu na intaneti, nasoma."

"Maneno tu!" Gatimu akadakia. "Afanye hapa, tukiona."

"Sawa," Mzee akasema. "Na atumie kompyuta yako."

Gatimu akaruka wima. "Yangu iko na virusi."

"Kaa chini."

Nikaingiza sidi, nikabonyeza. Kompyuta ikakataa. Ikasema fremu hiyo imo tayari.

Sikuamini. Nikafungua kazi zake za zamani: tovuti ya kanisa, ya duka la mbolea, ya shule. Zote zilijengwa kwa fremu ileile! Tarehe ya kwanza ilikuwa ya mwaka uliopita, mimi nikiwa bado Meru.

Kumbe jamaa alikuwa anamaliza kazi upesi, halafu ile miezi mingine anakula mshahara akiuza nyanya soko la Kagio. Ndiyo maana wiki yangu moja ilimkosesha usingizi.

Mzee hakupiga kelele. Alitoka mwenyewe kwa korido, akaniletea kiti changu.

Kwa hivyo wewe unayetaka kujenga tovuti, usianze kukanda matope mwenyewe ukiwa na fremu tayari. Chagua yenye mashine yako inaweza kubeba, na yenye ukikwama kuna mtu wa kukujibu.

Na mtu akikuapia kwamba kazi haiwezi kuisha haraka, omba kwanza kuona kompyuta yake.