Kuivuta Boti kutoka Beni hadi Kyavinyonge

Sababu ya safari yangu ni binti yangu Kavira. Ameolewa na mvuvi, nao wanakaa katika kambi moja upande wa magharibi wa ziwa, chini ya milima, mahali pasipo na barabara. Mwaka jana uchungu ulimshika, wakampakia kwenye pirogi, mtumbwi wetu wa mbao, yenye injini ndogo, na wakakawia sana majini kabla ya kufika kwetu Kyavinyonge, kwenye kituo cha afya. Yeye alipona. Mtoto hakupona. Mwaka huu amepata mimba tena, na tumbo lilipokuwa kubwa mimi nikawa sikaliki. Nilikuwa nauza samaki huku nimesimama, macho ziwani, mteja ananiita mara mbili ndipo nashtuka.

Sisi akina mama wauza samaki tulikuwa tumeshakubaliana kununua boti ya kasi kwa ajili ya wagonjwa wa makambini. Boti kweli, yenye injini ya nguvu, hata ikiwa imetumika. Wakanichagua mimi niende kuitafuta kwa sababu, walisema, Mama Masika hajui kusubiri. Walinisifu au walinitukana, mpaka leo sijui.

Siku ya kuondoka, nilikuwa nimeshapanda garini wakati mdogo wangu Kasereka bado anakagua matairi. Kasereka ni dereva, mwenye pick-up kuukuu anayoipenda kuliko shemeji zake wote. Boti za kuuzwa tulikuwa tumesikia mbili, moja Beni, nyingine Butembo. Kuna njia fupi ya kwenda Butembo kupitia Kyondo, lakini inapanda milima ambayo hata mbuzi anaiheshimu, na boti isingeweza kushuka huko. Basi tulilazimika kuzunguka: Kasindi, Beni, ndipo Butembo.

“Yaya,” akasema tukiwa bado uani, maana kwetu dada mkubwa huitwa hivyo, “mi niko na swali moja tu. Hii boti, nani ataivuta?”

“Si weye?”

“Hapana mimi. Ni gari. Na gari hatujaiuliza.”

Nilimwambia awashe injini, maswali tutayakuta njiani.

Kasindi tulisubiri msafara, na kusubiri huko karibu kunipasue. Toka Kasindi hadi Beni magari hayaendi ovyo. Yanakusanyika, malori na taxi na pikipiki, jeep ya wanajeshi inatangulia, nyingine inafunga mkia. Kila mtu anajua sababu, maana mabaki ya magari yaliyochomwa na waasi bado yako kando ya barabara na majani yanaanza kuyafunika. Msafara hauna huruma. Gari likiharibika, wengine wanalipita huku wakitazama upande mwingine, nalo linabaki na Mungu wake. Siku hiyo tulikwenda na gari tupu, tukafika Beni salama, na sikufikiria zaidi.

Beni tuliona boti ya kwanza. Mwenyewe ni Papa Mbusa, Mkatoliki mpole sana, aliyeinunua upande wa Uganda ambako zamani ilivuta matajiri waliosimama juu ya mbao wakiteleza majini. Ilikuwa nyeupe, fupi, yenye injini moja nyuma. Nilipoiona nilivunjika moyo.

“Hii ni beseni ya kufulia,” nikamnong’oneza Kasereka.

Yeye alikuwa tayari amelala chini ya tela lililobeba boti, lile sisi tunaloliita remorque. Akatoka, akapanda ndani, akagonga sakafu na ufunguo wa spana, polepole, toka mbele hadi nyuma, kichwa ameinamisha. Akafungua kizibo cha chini. Hakikutoka kitu.

“Iko mukavu, iko nyepesi,” akasema. “Papa Mbusa, hii inakimbia?”

“Inakimbia, mwana wangu. Mais mutu asiyeshika bien, asiyeshika vizuri, anaanguka nyuma.”

Nilimshukuru, nikasema tutarudi, na moyoni nilijua hatutarudi. Butembo ilikuwa inanisubiri boti nyingine, ambayo picha yake nilikuwa nimeitazama kwenye simu mpaka kioo kikachoka.

Butembo, katika dépôt, yaani ghala, ya mfanyabiashara mmoja, niliikuta hiyo boti. Nyekundu! Pua ndefu, injini mbili, viti vya ngozi. Ilikuwa imetoka Dubai ndani ya kontena pamoja na vigae na majenereta, na tangu hapo ilikaa chini ya bati linalovuja. Mwenye nayo, patron mnene mwenye kicheko kikubwa, akaunganisha mpira wa maji wa kupoza injini, akawasha. Ukuta ulitetemeka. Nikamwona Kavira amelala ndani yake na ziwa lote linapita chini kabla hajamaliza kulia. Nilitaka kuondoka nayo saa ile ile.

“Inapima ngapi?” Kasereka akauliza.

“Tani moja na nusu, hapana zaidi. Iko kwenye papiers.”

“Hiyo ni ngozi tupu. Tia moteur mbili. Tia batri, tia nanga, tia mafuta ya essence. Halafu remorque yenyewe, ile nayo ni chuma, haiko majani.” Akagonga sakafu na ule ufunguo wake. Hata mimi nilisikia: haikulia kama ile ya Beni. Ilijibu kizito, kama unagonga gunia la mchanga.

Patron alicheka, lakini Kasereka hakucheka, na mwisho tukaikokota taratibu mpaka kwenye dépôt ya kahawa ya jirani, ambako kuna mzani wa malori. Uzito ulitoka karibu mara mbili ya ule wa kwenye karatasi. Chini ya sakafu mna sponji ngumu ya kuifanya boti isizame, na sponji hiyo ilikuwa imekunywa mvua ya miaka.

“Ni maji tu,” patron akasema. “Itakauka.”

“Itakauka,” nami nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo! Nilimlazimisha Kasereka aijaribu kwenye mlima. Akanitazama, akaingia garini. Katikati ya mwinuko harufu ya klachi ikajaa, gari likasimama, kisha likaanza kurudi nyuma, breki imekanyagwa hadi mwisho. Watu wakaacha vibanda vyao, wakakimbia kutia mawe chini ya magurudumu. Wakati huo, kwa bahati yangu mbaya, Kavira akapiga simu.

“Mama, mulishaipata?”

“Tunaijaribu,” nikasema, jiwe mkononi.

“Miguu imevimba, Mama. Boti iko rangi gani?”

Nikaitazama ile pua nyekundu. Kasereka alikuja, akaegemea mlango, jasho linamtiririka. “Yaya, mwambie iko nyeupe. Kavira anangoya boti. Hangoye boti yenye kulala ndani ya muto Semliki na sisi ndani.”

Nikamwambia iko nyeupe. Nililia kidogo pia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, maana ile nyekundu ilikuwa inapendeza na mimi nilikuwa nimeshaipenda.

Asubuhi iliyofuata, tukiwa bado Butembo kwa shangazi yetu, nilifanya jambo ambalo Mnande yeyote, mtu wa kabila letu, angelifanya. Kwetu gari halirudi tupu. Anayerudi na nafasi bila mzigo watu wanamsikitikia kama mgonjwa. Shangazi alikuwa amepata viazi vya Alimbongo, kijiji cha milimani, ambavyo tangu vita vishike njia ya kule vinapatikana kwa bahati, na ziwani kwetu viazi kama hivyo ni dhahabu. Nikachukua magunia. Nikaongeza kabichi, maharage, vitunguu vya liki, na godoro la binti wa jirani aliyeolewa Kasindi. Majirani nao wakaleta vyao, “kadogo tu, Mama Masika, haka hakana uzito.” Karoseri ya nyuma ya gari ikajaa. Tulipofika Beni na kumlipa Papa Mbusa, nikaona ndani ya boti nyeupe mna nafasi nzuri, nikahamishia humo magunia mengine, na mke wa Papa Mbusa akaongeza mikungu ya ndizi kwa dada yake.

“Yaya,” Kasereka akasema.

“Si weye mwenyewe ulisema iko nyepesi?”

Aliuliza tu kama anaweza kuyatoa mafuta yaliyobaki ndani ya tangi la boti, ili uzito upungue. Nilidhani ananifanyia kisirani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema Waswahili. Mimi hata wangu mwenyewe niliuona usufi.

Toka Beni, msafara ukaanza kushuka kuelekea mto Semliki, na hapo ndipo nilipojua kwamba boti pia ina akili zake. Mizigo tuliiweka sehemu ya nyuma ya boti, kwa hiyo tela lilikuwa linainua mkia wa gari. Kwenye mteremko lilianza kuyumba, kulia, kushoto, likitusukuma kama ng’ombe anayetaka kutoka zizini. Kasereka alishika usukani kwa mikono miwili na hakusema hata “Yesu”, naye ni mtu wa kanisa sana. Daraja tulilivuka.

Baada ya daraja, njia inapanda kuelekea Bulongo. Lori la mbele yetu likazidi kuwa dogo. Pikipiki zikatupita. Mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka, gari likasimama. Nilitazama nyuma, nikaona jeep ya mwisho inakuja, na nyuma yake hakuna mtu. Barabara tupu na majani marefu.

Askari mmoja akaruka chini. “Mama, tika biloko! Convoi ekozela te!”

Kilingala changu si kingi lakini hayo niliyaelewa: acha vitu, msafara hautangoja.

“Dakika moja tu,” nikasema, “ipoe kidogo.”

“Hakuna dakika,” akasema sasa kwa Kiswahili, na nikaona macho yake hayanitazami mimi, yanatazama majani. “Mutafungua hiyo boti na kuiacha, ao mutapunguza. Chagua.”

Sijawahi kuogopa hivyo. Si risasi tu niliyoogopa. Nilimwona Kavira amekaa ufukweni anatazama upande wetu, miguu imevimba, na boti yake imeachwa porini kwa sababu ya kabichi. Nikapanda ndani ya boti mwenyewe. Gunia la kwanza nililisukuma kwa bega, likapasuka, viazi vya Alimbongo vikabiringika mpaka Semliki huko chini. La pili. La tatu. Ndizi za mke wa Papa Mbusa. Maharage. Kasereka alikuwa anamwaga maji kwenye rejeta huku mimi natupa. Godoro halikuwa na uzito, nalo nikalitupa, kwa wazimu tu. Askari wawili walisaidia kusukuma. Gari likakohoa, likashika, likapanda. Boti ikafuata nyuma kwa utulivu, bila kuyumba, kama mtoto aliyekwisha kuchapwa.

Mkia wa msafara tuliukuta Bulongo. Kasereka alinitazama kidogo.

“Sasa iko nyepesi,” akasema.

Nilitaka kumkasirikia, nikacheka mpaka nikashindwa kupumua.

Kasindi tulilala, na yule binti mwenye godoro nikamwomba radhi uso kwa uso; hajanisamehe. Kesho yake tulifika Kyavinyonge, akina mama wakaipokea boti kwa nyimbo, mchungaji akaiombea, kwa urefu. Mimi nilikuwa nahesabu Amina. Alipomaliza, Kasereka akashusha tela kinyumenyume mpaka majini, ile beseni yangu ikaelea, mimi na Kasereka tukapanda, na injini iliposhika, pua ikainuka, mikono yangu ikaachia kiti na kweli nikaanguka nyuma. Papa Mbusa hakudanganya.

Kambini, wavuvi walitusikia kabla hawajatuona. Kavira alikuwa amesimama ufukweni, tumbo mbele, na uchungu ulikuwa umeanza asubuhi ile, kidogo kidogo. Mume wake alikuwa anaandaa pirogi. Nilimkumbatia.

Watu wa kambi ni watu wetu, nao wana akili zetu. Tulipomshika mkono aingie, mmoja akaja na kapu la tilapia, wa pili na samaki wa chumvi waliofungwa vizuri.

“Mama Masika, si munarudi bure? Utatuuzia kwako pale. Kidogo tu, haina uzito.”

Wote wanajua mimi ni muuza samaki. Kapu lile lilikuwa zuri, samaki wanang’aa, na nitasema kweli, mkono wangu ulikwenda wenyewe. Nikaurudisha.

“Hapana,” nikasema. “Hata moja.”

Walinung’unika. Mmoja akasema mama huyu amekuwa mutu wa mujini. Sikugeuka. Nilisafiri hadi Butembo na kurudi ili nijifunze kwamba nafasi tupu nayo ni mzigo, tena ule wa thamani, na inabidi mtu asimame mlangoni kuilinda.

Kavira alikuwa bado na furushi kichwani: sufuria, vitenge, na blanketi aliyomnunulia mtoto wa mwaka jana.

“Na hii, Mama?”

“Iache,” nikamwambia. “Panda weye na tumbo yako.”