Neno Tulilolizika, Daktari Akalitaka

Mwanangu alizipendea ndege Mikumi, kwa dada yangu. Kiwanja cha ndege kiko ndani ya hifadhi, na kabla ndege haijatua askari anapita na gari kufukuza swala na pundamilia. Akirudi nyumbani Kilosa ananiuliza, "Mama, rubani akiwa huko juu anajuaje swala wameisha?" Sikujua. Nikabaki na swali hilo na mimi.

Alipofika miaka kumi na tisa alikunywa pombe kwenye harusi Chanzuru, akawasha pikipiki ya baba yake mdogo, akamgonga mzee wa baiskeli. Mguu wa mzee ukavunjika. Mahakamani alikiri, akapewa adhabu, akaimaliza. Mzee alipopona tukakaa familia mbili, tukala ugali na kuku sahani moja. Wazee wakasema: neno hili tumelizika, atakayelifukua atatoa mbuzi. Basi hakuna aliyelitaja tena. Hata mimi kwenye maombi nilikuwa nasema tu, "Bwana, lile jambo."

Juzi juzi akapata nafasi chuo cha urubani. Ikabaki kupimwa Dar kwa daktari wa marubani, na bila daktari huyo hakuna chuo. Karatasi yake akaileta mezani kwangu. Macho, masikio, kifafa, halafu: umewahi kupatikana na hatia ya kuendesha chombo ukiwa umelewa? Nikashangaa. Daktari wa macho na masikio, pombe ya Chanzuru inamhusu nini?

Baba yake mdogo alikuwepo. "Andika hapana," akasema. "Neno limezikwa. Kitu kilichozikwa hakipo."

"Shemeji, mahakama haikula ule ugali."

"Ahaa! Basi kafunge mbuzi kamba kabisa. Na chuo tusahau."

Mwanangu kashika kalamu, ananiangalia mimi. Kudanganya sitaki, Mungu anaona. Lakini kuvunja neno la wazee nako sikutaka. Nikaona aliyevunjika mguu ndiye wa kuulizwa. Asubuhi nikaenda na mwanangu Munisagara kwa mzee, tukamkuta anapukuchua mahindi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mama. Na huyu dereva wangu, hajambo?"

Nikamweleza yote. Alicheka mpaka mahindi yakamwagika.

"Kwa hiyo anataka kuendesha huko juu? Akilewa huko atamgonga nani, malaika?"

"Sinywi tena, babu," mwanangu akasema. "Tangu siku ile."

Mzee akaacha kucheka. "Wanaotaka kupanda hiyo ndege hawakuwepo tulipokula. Wana haki ya kuuliza. Kaseme. Mbuzi simtaki, wazee nitaongea nao mwenyewe. Ila ukisema, sema na mimi baiskeli yangu haikuwa na taa usiku ule."

Nikamuuliza kwa nini hakusema hilo siku zote. Akasema, "Hamkuniuliza. Mliharakisha kuzika."

Dar nilimsindikiza, nikakaa kwenye benchi na zaburi yangu. Alichelewa kutoka. Alipotoka nikamuuliza kama daktari alikasirika. Akasema hapana, aliuliza tu: alikunywa kiasi gani, na nani, siku hizi akiwa na huzuni anafanya nini. Nikaona maswali hayo hata mimi mama yake sijawahi kumuuliza. Akatumwa kupima damu, na kwa daktari mwingine wa mambo ya akili. Tukaambiwa tusubiri, na kwamba inaweza kuwa hapana.

Tulisubiri mpaka mahindi ya shambani yakaota ndevu. Baba yake mdogo kila akipita mlangoni, "Shemeji, ukweli wako umefika wapi?" Namjibu, "Uko njiani." Moyoni nilikuwa sijui.

Simu ikaja nikiwa napalilia. "Mama, wamenipitisha! Ila nitakuwa napimwa mara kwa mara, na nikikutwa nimekunywa basi."

Nilipiga magoti palepale kwenye tuta, nikashukuru. Nilipomaliza, simu bado iko hewani.

"Sasa baba, ndege ikiingia ndani ya wingu, rubani anaona nini?"

"Sijui, mama. Bado sijapanda."

"Ukipanda uniambie."