Mikono ya Shangazi Zena

Juzi nilipita Kariakoo kwenye maduka ya viungo, mashine ya kusaga ikinguruma, harufu ya manjano ikanipiga puani: udongo mbichi wenye ukali kidogo. Muuzaji, kijana tu, akanishika bega. "Mpelekee shemeji, bro. Akipaka usoni anang'aa balaa!" Siku hizi manjano ni ya uso. Na rangi yenyewe watoto wanaiita njano tu, kana kwamba haijawahi kutoka kwenye gunia la mtu.

Kwetu Mchafukoge neno lilikuwa bado zima. Gauni lilikuwa la manjano, na wali pia. Shangazi Zena, aliyenilea, aliyatwanga mwenyewe na kuyauza sokoni, na viganja vyake vilikuwa na rangi hiyo hadi kwenye mistari.

Kisha, ningali mtoto, nikaumwa. Jirani akanichungulia macho akasema, "Huyu ana manjano." Daktari akasema ni ini, nile na nipumzike. Lakini mimi niliyatazama macho yangu kwenye kioo, nikaitazama mikono ya Shangazi, nikajiona nimempita daktari. Kijiko alichoshika yeye nikakikataa.

"Kula, baba."

"Mikono yako ndiyo imeniambukiza."

Hakunigombeza. Alitoka uani akajisugua kwa limau na majivu, akarudi. Rangi ilikuwa palepale. Nikageukia ukutani, na nilikuwa nimebaki mifupa.

Mama Siwema, mwanamke wa Lindi aliyeuza karanga sokoni, meza ya pili kutoka ya Shangazi, ndiye aliyefanikiwa kunipa vijiko viwili vitatu kila jioni. "We mtoto una makuu! Mwenzio kajisugua kama sufuria la shughuli, bado tu humtaki?"

Siku zikapita. Asubuhi moja Shangazi akaja na bakuli la uji, viganja vyake vikiwa kama vya watu wote. Nikaona naye kapona. Nikala hadi nikakwangua bakuli.

Nilikuwa mtu mzima, nimeshazurura Tanga mpaka Tunduma, ndipo Mama Siwema aliponiambia. Wakati wote nilipokuwa naumwa, Shangazi aliuza iliki na mdalasini tu. Wateja walikuja kutafuta manjano, yaliyokuwa yakimlisha kuliko kitu kingine, akawajibu, "Yameisha," na gunia liko chini ya meza, limefunikwa kanga.

Nami siku ile nilipokubali uji wake, nilidhani namsamehe.