Mkono Wako, Brashi Yetu

Juzi nilikuwa Mikumi kwenye sendofu ya mjukuu wangu, nikacheka peke yangu mpaka binti yangu akaniuliza kama nimemeza nzi. Watu walikuwa wanahangaika na viti, wengine wanafukuza nyani wasibebe ndizi za wageni, nafasi ya kueleza iko wapi? Sasa kaa hapo nikueleze wewe, shoga yangu.

Alikuja dada mmoja wa mekapu. Kucha ndefu, lakini shikamoo yake aliitoa vizuri, nikaitikia. Akafungua boksi lake, rangi zimejaa kama duka la vitenge. Halafu akamgeukia binti yangu, ndiye mama wa bibi harusi, akasema, "Mama, brashi za macho naomba za kwenu. Si unajua desturi ya huku, bibi harusi hupakwa macho kwa brashi ya nyumbani kwao." Binti yangu akatoa kifuko, kumbe alishazinunua Morogoro, zipo tayari. Jirani yake mmoja, mama mtu mzima, akasema hiyo ni desturi ya tangu mababu.

Hapo ndipo nilipocheka. Mababu gani? Desturi hiyo mimi nilikuwepo siku inazaliwa. Maji ya kunawa nilimimina mimi.

Nilikulia Kimamba kwa bibi yangu mzaa mama. Babu alikuwa mkata mkonge. Wewe kama hukukaa karibu na shamba la mkonge wakati ule, siwezi kukupa ile harufu. Majani yakishasagwa, yale makapi yanachacha, harufu inaingia mpaka kwenye uji. Na katani yenyewe inaanikwa kwenye nyaya, nyeupe, mistari na mistari, upepo ukipita unasikia shaaa, kama watu wanapiga soga mbali. Treni ikipita bibi ananyamaza katikati ya neno, ikishapita anamalizia neno lake palepale alipoliacha.

Kazi yangu mimi ilikuwa masizi. Jioni bibi anafunika sahani ya bati juu ya koroboi, asubuhi nakwangua ule weusi kwa unyoya wa kuku, nauchanganya na mafuta ya nyonyo, tone kwa tone, mpaka ung'ae. Ndiyo wanja. Shuleni nilikwenda kidogo tu, na hizo siku nilizokwenda nilikwenda na vidole vyeusi. Mwalimu akauliza kama kwetu tunachoma mkaa.

Vifaa vyake bibi alivitunza kwenye kopo la majani ya chai. Kijiti chembamba cha kupitisha wanja ndani ya jicho. Unyoya wa kulaza nyusi. Na brashi ya katani, ya kupaka juu ya kope. Hiyo alitengeneza mwenyewe. Anachukua katani fupi kama kidole, analoweka, anaponda kwa jiwe taratibu, anachana kwa kisu, anaponda tena, mpaka ule ugumu wote utoke. Kisha anaifunga kwa uzi kwenye kijiti cha ufagio. Kuijaribu hakujaribu mkononi. Alisema mkono umezoea jembe, hauna habari. Alijaribu kwenye kope langu. Nafumba macho, anapitisha, ananiuliza, "Unasikia?" Nikisema nasikia, brashi imeshindwa, inarudi kwenye jiwe.

Sasa enzi zile kijiti cha wanja kilikuwa kimoja kwa wote. Wasichana wakikaa kusukana, kijiti kinazunguka kama kata ya maji, jicho hili, jicho lile. Ukikikataa unaonekana unaringa. Bibi yangu hakutaka nipakwe na mtu nje ya nyumba, na wenzangu wakanisema sana. Lakini yeye jicho lake la kushoto lilikuwa na ukungu. Ukungu huo aliupata usichanani, alipopokea kijiti kwa ndugu yake mwenye macho mekundu, akaugua mwezi mzima na ukungu ukabaki. Hakulalamika. Akitaka kutunga uzi kwenye sindano anageuza kichwa upande kama kuku anayekagua punje, basi.

Akaja kuolewa mama mdogo, kitinda mimba wa bibi. Mchumba alikuwa mtu wa Msowero, kwao wakulima, watu wazuri, wana mpunga. Na wao walikuwa na jambo lao: bibi harusi hupakwa wanja na shangazi wa bwana harusi, kwa kijiti cha ukoo. Kijiti chenyewe cha pembe ya ng'ombe, kimelainika kwa kushikwa, kinakaa kwenye kifuko cha ngozi. Wake wote wa nyumba ile walipakwa kwa hicho. Anayekikataa kijiti amekataa ukoo, wanageuza na mpunga wao.

Msimu huo macho mekundu yalikuwa yanatembea. Mimi mwenyewe niliugua wa kwanza nikapona kabisa; ilikuwa naamka asubuhi kope zimegandana, bibi ananibandua kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi. Mwalimu alituondoa darasani nusu nzima.

Siku ya harusi, asubuhi, wageni wakafika. Nyumba inanuka wali na vitunguu, wanawake wamejaa uani. Akashuka shangazi. Mwanamke wa mwili, sauti kubwa, kajifunga kitenge kipya. Tukampa shikamoo, akaitikia marahaba zake moja moja, hakuruka mtoto. Kisha akatoa leso akajifuta macho. Yote mawili mekundu, yanachuruzika. Akasema ni vumbi la njiani.

Bibi akamtazama kwa lile jicho moja zima. Akasema pole na vumbi. Akampa chai, akampa na mihogo, akamwambia ale bila haraka, bibi harusi bado anaoga. Halafu akanivuta sikio mpaka jikoni.

Mama mdogo alikuwa jikoni, kashaoga siku nyingi. Na yeye alikuwa amechungulia. Akasema, "Mama, yule mama anaumwa macho."

"Nimeona."

"Sasa nikikataa?"

"Hukatai. Wewe kaa kimya, uonekane una aibu. Bibi harusi akiwa na aibu hakuna anayemuuliza kitu."

Mimi nikatumwa katani. Ile brashi ya zamani bibi hakuitaka, alitaka mpya, ionekane imeandaliwa. Akaponda pale jikoni katikati ya masufuria, wapishi wanamruka. Akanijaribu kwenye kope. Nasikia. Akaponda tena. Bado nasikia, kidogo, kama mguu wa mdudu. Nje shangazi anauliza kama bibi harusi anaoga mto mzima. Bibi akaponda, akachana, akapuliza. Nikafumba macho nikangoja. Nikangoja sana, nikafumbua nimwambie anipitishe, nikamkuta anafunga uzi. Alishapitisha.

Tukatoka. Bibi mbele na brashi na wanja juu ya kisahani, kafunika kitambaa cheupe kana kwamba ni kitu cha kanisani. Mama mdogo nyuma, kainama, aibu tele. Mimi mwisho, na birika la maji ya moto na sabuni.

Bibi akasema, "Mkwe wangu, karibu kazini. Huku kwetu bibi harusi hupakwa macho kwa brashi ya nyumbani kwao. Mkono wako, brashi yetu. Ndivyo koo mbili zinavyokutana."

Shangazi akaweka kikombe chini. "Mbona desturi hiyo sijaisikia?"

"Utaisikia wapi, mkwe, na hamjawahi kuchukua binti Kimamba?"

Wanawake wakacheka. Shangazi hakucheka. Akakitoa kijiti chake, akakishika juu tukione. "Na hiki cha ukoo kikae tu?"

Mama mdogo aliniambia baadaye kwamba hapo alijiona anabaki nyumbani, anazeeka na mkonge.

Bibi akapokea kijiti kwa mikono miwili. "Hiki ni mgeni mkubwa," akasema. "Mgeni akitoka safari huoga." Akakitumbukiza kwenye sufuria la maji yanayochemka, palepale mbele ya watu. "Kikishaoga kitaondoka na binti, kikakae kwake. Na mkono unaompaka bibi harusi nao huku kwetu hunawishwa na mtoto wa nyumba. Mtoto, mnawishe bibi yako huyu mgeni."

Nikamimina maji. Bibi akanikodolea, nikaelewa, nikamimina tena, sabuni mpaka kwenye viwiko. Shangazi akasema, "Huku kwenu mna desturi nyingi." Lakini mkono hakuuondoa. Nadhani alipenda, kunawishwa vile mbele ya watu kama malkia.

Akapaka. Na alikuwa na mkono mzuri, nisimnyime. Akachovya kidogo kwenye wanja, akakung'uta kwenye ukingo wa kisahani, akaanzia pembe ya nje kuingia ndani. Hakusugua, aligusa tu, gusa gusa, mpaka huoni weusi ulipoanzia. Akaitazama ile brashi, akaipitisha kwenye kope lake mwenyewe, akasema, "Laini." Bibi akaichukua haraka, akasema kazi yake imekwisha, akaitupa motoni. Ikanukia kama kamba inayoungua. Hiyo nayo ikawa desturi, kuichoma.

Mama mdogo alikwenda Msowero na macho meupe kama maziwa. Shangazi aliugua wiki nzima, tukasikia na nyumba yao nusu waliugua.

Basi. Jirani akaja kuomba brashi ya binti yake, maana ndivyo inavyofanywa. Akaja mwingine. Mimi niliolewa kwa brashi ya katani, ikachomwa. Miaka ikapita, bibi akaalikwa harusi Msowero, mimi nimemsindikiza, tukamkuta shangazi yule anaamrisha vijana. Akamwambia bibi yangu usoni, "Sisi huku, mkwe, brashi hutoka nyumbani kwa binti. Ninyi wa Kimamba sijui mnafanyaje." Bibi akasema nimesikia. Akanywa chai yake.

Bibi hayupo. Kopo la majani ya chai liliingia kutu, likatupwa na watu wasiojua. Nyaya za katani ukipita Kimamba sasa huzioni, pale walipokuwa wanaanika wanalima mahindi, na vijana wa bodaboda wamepaki. Treni ikipita watu wanaendelea kuongea. Koroboi hata mwenyewe sina, nina taa ya sola.

Sasa pale Mikumi, dada wa mekapu akazimwaga zile brashi mezani achague. Moja inanyonyoka, akaiweka kando. Nyingine nywele ngumu, akaiweka kando. Akabaki na kadogo kenye ncha, na kengine kanene, laini, ka kutandaza rangi juu ya kope. Akakajaribu kwenye mkono wake.

Nikamwambia mkono hauna habari, ajaribu kwenye kope. Akacheka, akaniambia nifumbe macho. Nikafumba. Nikasikia watu wanavuta viti, nikasikia lori kubwa linashusha gia barabarani. Brashi sikuisikia.

"Bibi, unasikia?"

Nikamwambia nasikia, uongo wangu, nisifumbue bado. Akapitisha tena.