Nywele Zilizoyeyuka Kwenye Chetezo

Nshakaa kimya miaka miwili na nlitaka nikae hivyo hivyo mpaka naingia kaburini, lakini juzi nimekaa mahali nasikia watu wanakisimulia kisa changu mbele yangu, hawajui kuwa ni mie, na wanakisimulia vibaya, basi nikaona bora nikiseme mwenyewe. Mie ndiye yule mwanamke aliyeungua nywele harusini Mkunazini, nywele ambazo hata hazikuwa zake. Chekeni kwanza, nakungojeni. Mkishamaliza ntakwambieni kile ambacho hao wasimulizi hawakijui, maana aibu yenyewe iko huko, na haichekeshi.

Mie nimelelewa na Mamkubwa Zuwena, dada yake mama, kwake mtaa wa Amani, tangu mama alipofariki. Mamkubwa alikuwa akipika mafuta ya nywele, tena si haya ya kuchanganya kwenye ndoo na kutia rangi. Anakuna nazi, anakamua tui, anaroweka uwatu na habbasoda tangu jana yake, kisha anakaa na moto mdogo siku nzima mpaka tui linaachia mafuta, na ukimwambia aongeze moto anakutazama kama umemtukana. Kila Ijumaa ananikalisha chini baina ya miguu yake, ananipaka kwenye ngozi ya kichwa (unywele haulishwi, akisema, inayolishwa ni ngozi), ananichana kwa chanuo la meno mapana kuanzia kwenye ncha kupanda juu, halafu ananisuka mabutu manene, hakazi hata kidogo. Nywele zangu zikafika kiunoni. Mteja akija, Mamkubwa hana haja ya maelezo mengi, ananiita tu, naitika naam, nakuja, ananifungua kitambaa cha kichwa, biashara imekwisha. Mie ndiye nlikuwa tangazo lake.

Kisha nikaolewa, nikahamia mjini, nikapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja huku Malindi, hapa hapa Unguja, nikajiona mtu mwenye shughuli nyingi. Naosha kichwa alfajiri, sina muda wa kukikausha, nazikusanya nywele zikiwa zinachuruzika, nazibana na mpira, kitambaa juu yake, ushungi juu ya kitambaa, mpaka jioni. Nywele mbichi zinashinda humo ndani kwenye joto kama mihogo iliyofunikwa. Zikaanza kunuka, ukaja mba, ukaja muwasho wa kunikunisha kwa kalamu mbele ya wageni, na badala ya kurudi Ijumaa kwa Mamkubwa nikaenda kununua dawa ya kulainisha, maana nlitaka zikauke upesi. Nikatia mara ya kwanza, nikatia ya pili kabla ya kichwa kupona, na nywele za mbele zikaanza kuondoka na chanuo mafungu mafungu. Mwaka haujesha, kipaji changu cha uso kimefika katikati ya kichwa. Mume wangu aliona akanyamaza (nlimshukuru Mungu kwa kunipa mwanamme asiyependa maneno), na wengine wataonea wapi? Ushungi haupo kwa ajili ya nywele mbovu, lakini wallahi unazificha vizuri. Mamkubwa akipiga simu kuuliza vipi nywele, namwambia zipo, alhamdulillahi, na chupa anazoniletea nazipanga kabatini hata sijazifungua.

Basi ikaja hiyo harusi. Bibi harusi ni mjukuu wa jirani yake Mamkubwa, na aliyempamba alikuwa Bi Thuwaiba, mwanamke mwenye saluni ya kupambia maharusi, mtu ambaye akisema kitu ni kizuri mji mzima unakinunua. Bi Thuwaiba alishayanusa mafuta ya Mamkubwa, akayapenda, akasema atayatumia saluni kwake na atayatengenezea chupa nzuri yenye jina, Mafuta ya Bi Zuwena, ila kwanza anataka kuona kichwa kilichokulia kwenye mafuta hayo. Mamkubwa alinipigia simu sauti inamtetemeka kwa furaha. Miaka yote amepika, wateja wake ni majirani na majirani wa majirani, na hiki cha kuona jina lake kwenye chupa ndicho kitu pekee nlichowahi kumsikia akikitamani kwa ajili ya nafsi yake.

Nlikuwa na siku nne za kumwambia. Siku nne, jamani, ni nyingi. Ningesema Mamkubwa nisamehe, sitii mafuta yako, nimeziua mwenyewe, angenigombeza nusu saa, angelia kidogo, angemtafuta mtu mwingine wa kumwonyesha Bi Thuwaiba, na wateja wazuri alikuwa nao. Badala yake nikajiambia ni kwa mchana mmoja tu, nikaenda saluni Darajani nikashonewa nywele za bandia mpaka kiunoni, nyeusi, zinang'aa. Binti aliyenishonea akanionya kuwa dada, hizi hazitaki moto. Nikamjibu kwa maringo kwamba mie naenda harusini, siendi kupika.

Mjue basi ujinga wangu ulivyo. Nimezaliwa Unguja, nimekulia Unguja, nimekwenda harusi tangu sijaota meno, na nikasahau kama harusini kuna chetezo cha makaa ya kufukizia udi.

Ilikuwa nyumba ya ghorofa, sebule ya juu, wanawake watupu, simu zimekusanywa mlangoni, mabuibui yametundikwa, na kila mtu ametoa alichokuwa nacho kichwani. Nlipovua ushungi zile nywele zikaanguka mgongoni, nikasikia watu wanavuta pumzi, na nisikudanganyeni, nlifurahi. Mamkubwa akaja mbio kunishika kichwa, nikamkwepa, nikamwambia atazivuruga nimezipanga (vidole vyake vingegundua mara moja), naye akacheka akarudi nyuma ili anitazame vizuri. Akapokea sinia la haluwa, akasimama pale akiwaambia wenzake kuwa yule ni mwanangu, yule pale.

Chetezo kikatoka chumbani kwa bibi harusi. Udi wenyewe ulikuwa wa kipande, mzuri, na kikawa kinapita mkono kwa mkono, kila mwanamke anakunja shingo, anazimwaga nywele juu ya moshi, anazitikisa, anampa mwenzake. Nlipokiona kinakuja upande wangu nikakumbuka onyo la yule binti wa saluni. Kilipofika nikakipokea na kutaka kukipitisha tu, lakini Bi Thuwaiba alikuwa amekaa mkabala na mie, naye akasema kwa utaratibu kabisa hapana mwanangu, zifukize tuzione zinavyomwagika. Sebule nzima ikanigeukia. Mamkubwa ananitikisia kichwa kule, uso wote meno. Nikainama.

Nlijidai kuinama juujuu, mbali na makaa, lakini nywele si mkono kwamba utauzuia, na shada moja la upande wa kushoto likateleza likaingia ndani. Halikuwaka. Laiti lingewaka. Liliyeyuka, likajikunja, likaanza kudondoka matone meusi juu ya makaa, na ile harufu nzuri ya udi ikafukuzwa sebuleni na harufu ya ndoo ya plastiki inayoungua jaani. Mtu akapiga ukelele kuwa naungua, mwengine akanimwagia mrashi mzima wa marashi, wa tatu (Mungu amlipe, nia yake njema) akazikamata zile nywele akazivuta kwa nguvu zote aniokoe. Uzi ukafumuka. Zikatoka zote na kitambaa kilichozishikilia, na nywele zangu chache zilizobaki zikaondoka nazo, nikabaki nimesimama katikati ya taa za harusi kichwa kitupu kuanzia kipajini mpaka utosini, kina mba, kina vidonda vya dawa, kinadondosha marashi.

Kicheko kilikuwa kikubwa, siwezi kuwalaumu. Hata bibi harusi alicheka, na yeye ameambiwa asicheke. Kikaanza kufifia, na hapo Bi Thuwaiba, ambaye hakucheka, akaniuliza mbele ya watu wote, "Mwanangu, hiki ndicho kichwa kinachotiwa mafuta ya Bi Zuwena?"

Hapa ndipo hao wasimulizi wanapoishia, na hapa ndipo palipokuwa pa kusema kweli. Neno moja lingetosha, kuwa sijayatia. Lakini macho yale yote, na kile kichwa, na nlihisi kama nikisema nimejiharibu mwenyewe watacheka upya na safari hii hawatanyamaza. Nlitaka wanionee huruma tu, basi. Nikasema, "Ndiyo yaliyonimaliza."

Na wakanihurumia. Kicheko kilikatika pale pale, wakanizunguka, maskini mtoto wa watu, ona alivyoharibiwa, na mmoja akasema hata yeye yalimwasha kidogo mwaka juzi. Bi Thuwaiba hakuuliza tena. Mamkubwa aliliweka sinia la haluwa chini, akavua kanga yake ya begani, akaja akanifunga kichwa vizuri, akanichukulia buibui langu, akaniteremsha ngazi moja moja amenishika kiwiko. Mlangoni akaniuliza kama nna nauli.

Chupa yenye jina haikutengenezwa. Wateja wakapungua, kisha majirani wakaanza kumsalimia kwa haraka haraka, kisha siku moja nikaenda Amani nikakuta lile sufuria la mafuta limegeuzwa la kuchemshia maji ya kuoga. Nlijaribu kurekebisha, msidhani sikujaribu. Nimepita nyumba kwa nyumba, nimekwenda mpaka saluni kwa Bi Thuwaiba, nikaapa kuwa chupa zile zilikaa kabatini hazijafunguliwa. Uongo wangu uliaminiwa kwa kupepesa macho, lakini kweli yangu hakuna aliyeitaka. Bi Thuwaiba alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ni vizuri namsitiri mama aliyenilea, na tangu siku hiyo nikaacha kukisema kisa hiki.

Na nywele zimerudi. Mamkubwa alizitoa zile chupa kabatini kwangu kwa mkono wake, akanirudisha kila Ijumaa baina ya miguu yake, akanikataza dawa, akanikataza mpira, akanifundisha kama mtoto kuwa nikioga kichwa alfajiri nisitoke mpaka kikauke, na kama sina muda nioge jioni. Mwaka wa kwanza zilikuja kama manyoya ya kifaranga, sasa zimepita mabega. Harusini wananiuliza natia nini. Nawaambia. Wanacheka, wanadhani nafanya mzaha.

Ijumaa iliyopita alikuwa ananipaka nikashindwa kujizuia, nikamwambia kwa mara ya mia kwamba nisamehe Mamkubwa, ulimi uliniteleza. Vidole vikasimama kichwani.

"Nywele nshakusamehe, na watu kunikimbia nshasamehe," akasema. "Lakini usiniambie uliteleza. Ulinitazama kwanza, Raya. Ulinitazama, ndipo ukasema."

Akaendelea kunipaka. Ni kweli, nlimtazama, nikamwona na sinia lake, nikajua kabisa namtupia nani aibu yangu. Sijavaa tena nywele za bandia na sitavaa, lakini hilo ni dogo. Kiapo changu ni kuwa siku nyengine nikiaibika, nitaaibika peke yangu.