Ukelele wa Immakulata

Immakulata Ntirampeba alikuwa amezalisha kwa miaka kumi na tisa katika zahanati moja huko vijijini Kasulu, na kinamama walimsifu kwa mkono wake mwepesi. Siku moja akaja Mwanaheri, mzaliwa wa Singida, mke wa mwalimu mgeni, na mimba yake ya kwanza. Alipanda kitandani bila wasiwasi. Immakulata alipofunua kitenge ampime, aliona kovu la ukeketaji. Kwao Waha hakuna mila hiyo; hakuwa amewahi kuliona.

"Mawe wee!" ukelele wa Kiha ukamponyoka. "Nani alikufanyia unyama huu? Winnie, hebu njoo uone!"

Winnie, muuguzi mwenzake, alikuja, akaona, akaziba mdomo. Mwanaheri akavuta kitenge, akashuka, akavaa kandambili zake, akaondoka.

Immakulata hakupata pa kuuweka uso wake. Kwa majuma alijiambia kwamba alisema kwa huruma, moyo ukakataa. Huruma haiiti watazamaji. Kumfuata nyumbani aliogopa, majirani wasije wakauliza. Alimpigia simu mara mbili, haikupokelewa.

Miezi ikapita. Asubuhi moja Mwanaheri akaletwa kwa pikipiki, uchungu umemwanza kabla ya siku zake kutimia. Immakulata akafungua kadi yake ya kliniki: mahudhurio yote yaliyofuata yalikuwa na mhuri wa Kibondo. Mwanamke yule alikuwa akipanda basi hadi wilaya nyingine, na tumbo lake, ili amkwepe yeye.

Akafunga mlango, akavuta pazia. "Dada, siku ile nilikudhalilisha. Nisamehe. Nimtafute mwingine akuhudumie?"

Mwanaheri alingoja uchungu upite. "Nilikatwa nikiwa na miaka minane. Nikalia, nikapona, nikazoea. Aibu niliijulia hapa kwako."

Immakulata akarudi nyuma hatua moja.

"Fanya kazi yako," Mwanaheri akasema. "Ila kabla hujanigusa, sema."

Ikawa hivyo. Kila mara aliomba, akangoja aambiwe "haya". Mchana mtoto wa kike akalia.

Winnie alipochungulia kutoa pongezi, Mwanaheri alijifunika haraka hadi shingoni. Immakulata akaona. Akamwambia Winnie palepale: "Siku ile nilikuita bila haki. Kosa lilikuwa langu."

Winnie akainama, akamwomba mzazi radhi. Mwanaheri akaitika kwa kichwa, kisha akageukia ukutani na mwanawe.

Kesho yake Immakulata aliwasindikiza hadi getini. Hakuagwa, naye hakuona kama alistahili.