Ufunguo wa Choo Ulikuwa kwa Mama Mkwe

Ndugu wafanyakazi wenzangu, waliotangulia kusema juu ya afya kazini wameleta vitabu na michoro. Mimi nimeleta makalio yangu tu kama ushahidi, na msiogope, sitayaonyesha.

Naitwa Masanja. Nilikuwa karani wa ardhi hapa Shinyanga, kijana mwenye nguvu zake. Nilikula ugali na mlenda, nikanywa maji mengi, na kila siku saa nne, baada ya chai, nilikwenda chooni bila kumwomba mtu ruhusa. Sikujua kama ile ilikuwa neema.

Kisha watu wa sokoni wakawa wanakichafua choo chetu, na mkuu wetu wa ofisi, Ndugu Rashidi, akakitia kufuli. Ufunguo ulifungwa kwenye ubao mrefu kama mwiko wa ugali ili usipotee, ukakabidhiwa kwa mhudumu mpya wa ofisi. Mhudumu huyo alikuwa Mama Kabula. Na Kabula ni mke wangu.

Mnaojua mila zetu mmeshaanza kucheka. Mimi Msukuma, mama mkwe nampisha njia, simtazami usoni, hata kula mbele yake siwezi. Leo nimwambie, "Shikamoo mama, naomba ufunguo nikajisaidie"? Afadhali nife.

Na kweli nilianza kufa. Nilibana haja kutoka asubuhi hadi saa ya kufunga ofisi, kisha nikakimbilia nyumbani. Lakini haja ina kiburi. Ukiikataa saa yake, haiji saa yako. Nikaacha kunywa maji. Nikaacha mlenda, nikawa nashinda na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni. Haja kubwa ikawa inakuja mara moja kwa wiki, ngumu kama kokoto za machimboni, na machozi yananitoka. Siku moja nikaona damu. Baadaye kikajitokeza kinyama, kikubwa kama zambarau, kinauma na kuwasha. Kukaa kwenye kiti cha mbao kukawa mateso.

Nikaanza kufanya kazi nimesimama. Nilihudumia wananchi nimesimama, nikaandika barua nimesimama. Ndugu Rashidi akaliona hilo, akaita ofisi nzima.

"Mnamwona mwenzenu? Hakai! Nyinyi mmeota mizizi kwenye viti!"

Wenzangu walinichukia. Ilipofika sikukuu ya wafanyakazi, nikatangazwa mfanyakazi bora. Zawadi ilikuwa baiskeli mpya.

"Ipande, Ndugu Masanja, uzunguke uwanja watu wakuone!"

Nilikitazama kile kiti cha baiskeli, nikatoka jasho jembamba. Nikapanda. Nilizunguka nusu ya uwanja nimesimama kwenye pedali, watu wanashangilia. Kisha tairi likaingia kwenye kishimo, nikaketi kwa kishindo. Nilipoanguka, suruali yangu ya kaki ilikuwa nyekundu nyuma.

Mtu wa kwanza kunifikia alikuwa mama mkwe. Alifungua khanga yake ya juu, akanifunga kiunoni mbele ya watu wote. "Usinionee haya, mwanangu," akasema. Nililia, na safari hii haikuwa kwa maumivu.

Hospitalini daktari aliniambia nilale kifudifudi. "Bawasiri," akasema. "Na damu imekupungua sana. Ungechelewa, tungekuzika. Kwa nini ulikuwa unabana?"

Nikamweleza habari ya ufunguo. Alivua miwani, akaomba radhi, akatoka nje. Nikamsikia akicheka kule barazani. Aliporudi, alikikata kile kinyama vizuri. Wiki mbili nililala kifudifudi, asubuhi na jioni nakalia beseni la maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Kabula aliniletea mapapai na maji, na mimi nikamwambia siri yangu yote. Haja ya kwanza baada ya kukatwa, niliita mababu zangu wote kwa majina.

Siku niliyorudi kazini, mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa choo, ubao mkononi.

"Ufunguo huu ndio uliotaka kumwacha Kabula wangu mjane?"

Akafungua kufuli, akatumbukiza vyote shimoni: kufuli, ufunguo na ubao. Ndugu Rashidi akaja mbio. "Mama! Hiyo ni mali ya serikali!"

"Basi serikali iingie ikaichukue."

Ndugu Rashidi alichungulia shimoni, akafikiri kidogo, akarudi ofisini. Kesho yake aliagiza mtungi wa maji ya kunywa, na akataka kila karani anyanyuke atembee kidogo kabla na baada ya chai.

Namshukuru Mungu, na daktari yule, na mke wangu, na zaidi mama mkwe, ambaye hadi leo nampisha njia. Nanyi kunyweni maji, kuleni mboga. Ukiona damu, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, usingoje upewe baiskeli.

Choo cha ukumbi huu kiko nyuma, na nimeshahakikisha hakina kufuli. Mwenye haja asisubiri mkutano ufungwe. Mimi mwenyewe natangulia.